Taifa Kubwa Liingilie Kati?

Kwenye mdahalo wa mwezi uliopita nilisimama upande wa "hapana". Hoja yangu ilikuwa nyepesi: nchi ni nyumba, na mwenye nguvu asiingie kwa mtu bila hodi. Nikapigiwa makofi, nikakaa. Kisha akasimama dada mmoja wa mwaka wa pili, kwao Ngara, akauliza swali moja tu: "Na kama ndani watoto wanachinjwa, kaka, bado utapiga hodi?" Wazazi wake wanaukumbuka Mto Kagera wa 1994, ulipokuwa ukipitisha maiti chini ya daraja la Rusumo. Sikuwa na jibu. Nimelitafuta maktaba.

Tumezoea kusema dunia ilikaa tu Rwanda ikiteketea. Hapana, wakubwa walikwenda. Mauaji yalianza Aprili 7, na siku hizohizo Ufaransa na Ubelgiji zilipeleka ndege na askari wenye silaha Kigali. Wakachukua raia wao, wakaondoka. Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari wapatao 2,500 pale. Ubelgiji, baada ya askari wake 10 kuuawa, ikawaondoa waliobaki, na Aprili 21 Baraza la Usalama likaamua kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Yaani kilio kinapanda, walinzi wanapunguzwa! Marekani nayo ilikwepa hata kutamka "mauaji ya kimbari", maana Mkataba wa 1948 unawataka waliouridhia wayazuie. Ndege zilikuwepo, jamani. Aliyekosekana ni mtu wao wa kumfuata.

Sasa geukia Libya. Machi 2011 Baraza hilohilo lilipitisha azimio namba 1973 la kuwalinda raia, majeshi ya Gaddafi yakiwa yanaikaribia Benghazi. Safari hii hakuna aliyebabaika na maneno. Mpango wa amani wa Umoja wa Afrika ukawekwa kando, NATO ikapiga mabomu miezi saba. Kulinda raia kukageuka kung'oa serikali. Gaddafi akauawa Oktoba, na waliokuja na ndege wakarudi kwao. Kufikia 2014 Libya ilikuwa na serikali mbili zinazogombana, na bunduki mikononi mwa kila mtu.

Basi, dada yangu wa Ngara, nimehama nusu. Mlango uvunjwe, sawa. Ila siwezi kumwachia kazi hiyo mtu anayechagua nyumba ya kuokoa kwa kuangalia kuna nini sebuleni.

Na sheria tunayo wenyewe. OAU ya 1963 ilishikilia kutoingiliana. Umoja wa Afrika uliorithi nafasi yake uliandika, katika ibara ya 4(h), kwamba una haki ya kuingia nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Rwanda ndiyo iliyokuwa vichwani mwao.

Desemba 2015 ibara hiyo ikajaribiwa. Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo liliidhinisha askari 5,000 waende Burundi, hapa jirani kabisa na Ngara. Bujumbura ikakataa. Mwishoni mwa Januari 2016 marais wetu wakakutana Addis Ababa, na askari hawakwenda. Walitaka kwanza mwenye nyumba akubali. Hodi, kama nilivyosema mimi siku ile nikapigiwa makofi.