Sema Jina la Dawa: Kiitaliano kwa Anayetumia Warfarini



Sisi wauguzi tunasikia mara nyingi: "Natumia kidonge cha moyo." Lakini vidonge vya moyo ni vingi. Warfarini huzuia damu kuganda. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu, hata ndani ya kichwa. Ikipungua, damu huganda kwenye vali ya bandia, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi.

Kutoka Mbulu na Hanang wapo mapadre, masista na vijana wanaokwenda Italia kwa masomo. Anayetumia warfarini ajifunze maneno haya kabla ya safari. Kwenye mabano tumeonyesha matamshi.

1. Prendo il warfarin ogni giorno (prendo il varfarin onyi jorno): Natumia warfarini kila siku. Huko huuzwa pia kwa jina la Coumadin.

2. Ho una valvola meccanica al cuore (o una valvola mekanika al kwore): Nina vali ya bandia kwenye moyo.

3. Il mio ultimo INR era due e mezzo (il mio ultimo i-ene-ere era due e medzo): Kipimo changu cha mwisho cha INR kilikuwa 2.5.

4. Ho battuto la testa (o batuto la testa): Nimejigonga kichwa.

5. Perdo sangue (perdo sangwe): Natokwa damu.

6. Posso prendere questa medicina con il warfarin? (poso prendere kwesta medichina kon il varfarin): Naweza kutumia dawa hii pamoja na warfarini?

INR hupima damu inachelewa kuganda kiasi gani. Asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Wengi wanaotumia warfarini hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wenye vali za bandia wengine huhitaji zaidi. Daktari ndiye anayepanga.

Swali la sita lisisahaulike dukani. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zikichanganywa na warfarini huongeza hatari ya kuvuja damu. Mboga za majani kula, ila usibadilishe kiasi ghafla.

Ukijigonga kichwa, au ukipata choo cheusi kama lami, usingoje kesho. Nchini Italia piga simu 112. Daftari la vipimo liwe mfukoni daima.

Nasi tuliobaki nyumbani, iwe kwa Kiswahili au Kiiraqw, tusiseme "kidonge cha moyo". Tuseme: warfarini.