Vita vya 1914 na Watu Waliovibeba Vichwani

Kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918, Wajerumani walipigana na Waingereza katika ardhi ya Afrika Mashariki, na Wabelgiji na Wareno wakiwa upande wa Waingereza. Vitabu vya shule hutaja majenerali na meli. Majibu yafuatayo yanahusu zaidi wapagazi, kwa sababu mimi naamini jamii zetu zilibadilishwa na yaliyowapata wao kuliko na mapigano yenyewe.

Ugomvi ulikuwa wa Ulaya. Ulitufikiaje sisi?

Kwa njia ya mipaka. Mikataba ya 1886 na 1890 ilikuwa imekwishaigawa Afrika Mashariki baina ya Berlin na London, kwa hiyo walipogombana kwao walikuwa majirani huku pia. Sheria ya Berlin ya 1885 ilitoa nafasi kwa makoloni haya kubaki nje ya vita, na gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alipendelea hivyo. Lakini tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, naye alivitaka vita: kila askari wa Kiingereza atakayekuja kumkimbiza huku hatakwenda Ufaransa. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha askari wapatao 8,000 Tanga, wengi wao Wahindi, wakarudishwa baharini na jeshi la watu kama 1,000. Baada ya hapo ilikuwa miaka minne ya kufukuzana, hadi Lettow aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya ilikuwa imekwisha kusimamisha vita wiki mbili kabla.

Kwa nini walihitajika wapagazi wengi kiasi kile?

Ndorobo, nzi anayeambukiza mifugo ugonjwa. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu, na magari yalizama kwenye matope kila masika. Koloni la Wajerumani lilikuwa na reli kuu mbili, ya Tanga hadi Moshi na ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Ukishaiacha reli ya kati kuelekea Rufiji, Songea au Ruvuma, hapakuwa na chombo cha kubeba ila kichwa cha mtu.

Sasa piga hesabu kama walivyotakiwa kuipiga maofisa. Mpagazi anabeba mzigo wa kilo 25 hivi za unga. Yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, mzigo ameumaliza yeye na askari hajapata kitu. Ndiyo maana nyuma ya kila kikosi palihitajika msururu wa watu, na nyuma ya msururu huo msururu mwingine wa kuulisha.

Waingereza peke yao waliandikisha karibu watu milioni moja katika kipindi chote cha vita. Vifo vilivyorekodiwa ni zaidi ya 90,000, na idadi halisi bila shaka ni kubwa kuliko hiyo. Wachache walikufa kwa risasi. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Tazama posho yao: unga wa mahindi uliosagwa ovyo, unafika kambini jioni, mvua inanyesha, kuni mbichi, masufuria hayatoshi. Mtu aliyechoka hasubiri sima iive. Waliotoka Uganda walikuwa wamezoea ndizi, na matumbo yao hayakuuweza unga ule. Oscar Watkins, ofisa aliyesimamia wapagazi wa Kiingereza, alipigania sana chakula bora na matibabu, lakini mahitaji ya mstari wa mbele yalitangulia kila mara.

Walikwenda kwa hiari?

Mwanzoni baadhi yao walikwenda kwa ajili ya mshahara. Mwaka 1915 serikali ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (Kenya ya leo) ilipitisha sheria ya kuwalazimisha, na mwaka 1917 ikafanya mkusanyo mkubwa kuliko yote chini ya ofisa John Ainsworth. Machifu walipewa idadi ya watu wa kuleta, na aliyeshindwa alijua kitakachompata. Wajerumani nao walikamata watu vijijini, na mwishoni waliwabebesha bila malipo. Mishahara ya maelfu ya wapagazi wa Waingereza waliofia njiani haikufika kwa wake na wazazi wao. Kwangu mimi hili ni deni, nami sioni sababu ya kuliita jina jingine.

Na waliobaki nyumbani?

Nenda Ugogo. Majeshi yote mawili yalipita Dodoma, na yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua zilipokorofisha, hapakuwa na akiba ghalani, mifugo ya kubadilishana chakula, wala mikono ya kulima. Wagogo waliiita njaa ile Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000 katika wilaya yenye watu kama 150,000. Kabla hawajapumua, homa ya mafua ya 1918 ikaja kwa njia zilezile za reli na misafara. Na mashamba yalipoachwa, vichaka vilirudi, na ndorobo wakarudi navyo.

Baada ya vita, nini hakikurudi kama zamani?

Ramani, kwanza. Rwanda na Burundi zilikabidhiwa Ubelgiji, karibu sehemu yote iliyobaki ikawa chini ya Uingereza na mwaka 1920 ikaitwa Tanganyika. Wabelgiji walipewa pia maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam.

Kenya, mwaka 1919, wazungu waliopigana waligawiwa mashamba, mengine yakikatwa kwenye ardhi ya Wanandi. Mwafrika aliyebeba mizigo yao alipewa kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha kuvaa shingoni, na kodi ikapanda. Mwaka 1921 Harry Thuku aliwakusanya watu Nairobi dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliodai aachiwe ulipigwa risasi.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa lifundishwe zaidi, nalo ni beni. Ngoma hii ya gwaride ilianzia pwani kabla ya vita, ila makambi ndiyo yaliyoisambaza bara, kwa kuwa mle Mnyamwezi, Mzaramo na Mmanyema walilala pamoja na kusemezana Kiswahili. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti vikazuka mji hadi mji. Wanachama walipeana vyeo vya kijeshi, walizikana, na mgeni aliyeshuka kwenye treni alipata wenyeji siku hiyohiyo.

Sanamu ya Askari Dar es Salaam ni kumbukumbu ya nani?

Iliwekwa 1927 kwa heshima ya askari na wapagazi Waafrika waliotumikia Waingereza. Haina jina hata moja. Wafu wazungu walipewa makaburi yenye majina yao; Waafrika wengi hawakuandikwa popote. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo katika ripoti yake ya 2021: watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi na kuahidi kutafuta majina.

Babu wa baba yangu alichukuliwa na hakurudi. Nianzie wapi?

Anza na wazee wa ukoo kabla ya ofisi yoyote. Andika majina yake yote, la utani na la ubatizo au la Kiislamu kama alikuwa nalo, kijiji, jina la chifu au jumbe wa wakati ule, nani walichukuliwa pamoja naye, na msimu gani: wa kupanda au wa kuvuna. Uliza kama kuna aliyerudi akaeleza walikofika. Ukiwa na hayo, nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, Dar es Salaam au Nairobi, uombe majalada ya wilaya ya miaka ile, kisha iandikie Tume uipe nakala.