Somo la Mwezi: Dawa ya Methadoni na Jamaa Zetu Waliotumia Unga



Liko swali ambalo wazazi wa mitaa yetu wameliuliza mara nyingi, hata tumeona yafaa lifanyiwe somo. Kijana aliyekuwa akijidunga unga, na ambaye sasa kila siku huenda hospitali kunywa dawa iitwayo methadoni, je, ameacha au hajaacha? Wako wasemao kwamba hajaacha, amebadili chupa tu. Kwa sababu ya neno hilo wako vijana walioambiwa wasirudi kwaya mpaka wawe "safi kabisa". Tena wako wazazi waliowashurutisha watoto wao waiache dawa upesi. Jambo hili la mwisho laweza kuua mtu, na ndiyo sababu tunaliandika.

Kwanza tutazame unga ulivyotufikia. Pwani yetu ilianza kuijua heroini katika miaka ya 1980. Wakati huo wengi waliivuta kwa moshi, mara nyingi ikichanganywa na bangi au tumbaku. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaenea Dar es Salaam unga mweupe. Ule wa kahawia ni mgumu kuyeyuka. Hutaka moto na kitu kichachu kama ndimu. Huu mweupe huyeyuka katika maji matupu. Basi ikawa rahisi kuutia katika bomba la sindano, na vijana waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga.

Wachunguzi wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Texas walikaa na vijana hao vijiweni na kwenye mageto, wakawasikiliza. Mwaka 2005 walitangaza jambo lililowashtua waganga wa nchi nyingi. Walikuta wanawake maskini, wengi wao wakiishi kwa kujiuza, ambao baada ya kujidunga huvuta damu yao wenyewe ndani ya bomba na kumpa mwenzao asiye na fedha ajidunge damu hiyo. Waliamini kwamba imebaki na unga wa kutosha kumtuliza. Kwa kweli unga ukiingia mwilini huchanganyika na damu yote, na katika bomba moja hubaki kidogo mno usiweze kufaa kitu. Virusi vya ukimwi, lakini, havihitaji wingi.

Tusipite hapo upesi. Mwanamke yule hakuwa akimfanyia mwenzake ubaya. Alikuwa akimhurumia, maana alijua uchungu wenyewe. Wengi wetu tuliosoma habari ile tulikunja uso kwa chuki, na hatukuona kwamba ndani yake mlikuwa na huruma iliyokosa maarifa. Matunda yake yalionekana. Uchunguzi mwingine wa Dar es Salaam, uliotangazwa mwaka 2009, ulikuta virusi vya ukimwi kwa asilimia 42 ya watu waliopimwa miongoni mwa wanaojidunga. Katika Tanzania nzima, hesabu ya mwaka 2007 na 2008 ilikuwa chini ya asilimia 6 ya watu wazima.

Uchungu huo wenyewe wao huuita arosto. Tueleze kidogo, maana asiyeuelewa hawezi kuelewa dawa. Katika ubongo mna mahali panapopokea heroini kama kufuli linavyopokea ufunguo. Mtu akiitumia siku nyingi, mwili huizoea, na ukiikosa huanza kudai. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache tu. Ndipo huja jasho, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, na kukosa usingizi. Kwa hiyo mtumiaji hushughulika tangu asubuhi mpaka usiku kutafuta kete nyingine. Anapoiba sufuria ya mama yake mara nyingi hatafuti tena raha, bali anakimbia maumivu. Hatusemi haya ili kumwondolea lawama aliyeiba. Twasema ili ijulikane kwa nini viboko, polisi na kufungiwa chumbani havikufaa.

Methadoni si dawa mpya. Ilitengenezwa na wanakemia wa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, ikawa dawa ya maumivu. Mwaka 1964, mjini New York, daktari Vincent Dole, aliyekuwa mtafiti wa mambo ya chakula na mwili, na Marie Nyswander, daktari wa maradhi ya akili, waliwapa watu waliozoea heroini. Mwanzoni walikuwa wamewapa mofini. Watu wale wakawa wanakaa tu, wakingoja saa ya sindano nyingine. Walipowapa methadoni mambo yakageuka. Mmoja akaanza kuchora picha, mwingine akaomba aruhusiwe kurudi masomoni. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twaona hapo habari iliyo kubwa kuliko hesabu yoyote, kwa maana mwanafunzi anayeanza kuuliza habari za kesho ameshaanza kupona. Mwaka 1965 madaktari hao walitangaza habari za wagonjwa wao 22 wa kwanza.

Siri ya dawa hii ni mwendo wake. Hunywewa, haidungwi. Huingia polepole na nguvu yake hudumu siku nzima na zaidi. Hukaa katika lile kufuli, na arosto haiji. Kipimo kikiwa sawasawa mtu hasinzii wala halewi. Aweza kushona, kuuza duka, kufundisha. Waganga huanza na kidogo na kuongeza kwa majuma, kwa sababu kipimo kikubwa siku ya kwanza chaweza kumwua asiyezoea. Ndiyo maana katika kliniki zetu mgonjwa hunywa mbele ya mhudumu, hata siku ya Jumapili. Tena asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, maana vyote hivyo hupunguza pumzi.

Hapa kwetu kliniki ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011, nayo ikawa ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini ya Sahara, ingawa kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimeanza mwaka 2006. Zikafuata Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014, na baadaye mikoa mingine. Zanzibar walianza mwaka 2015 pale Kidongo Chekundu. Ndugu zetu wa Kenya walianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi.

Je, yafaa kweli? Katika mji wa Philadelphia, Marekani, wachunguzi waliwafuata watumiaji wa heroini ambao hawakuwa na virusi vya ukimwi, wengine wakiwa katika tiba ya methadoni na wengine nje. Baada ya miezi 18, katika kila 100 wa nje, 22 walikuwa wameambukizwa. Miongoni mwa waliobaki katika tiba hawakufika hata 4. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1993. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa za lazima.

Sasa turudi kwa wazazi wetu. Mama humwambia mwanawe, "Mwanangu, mwaka umekwisha, sasa iache na hiyo, uwe huru." Neno la upendo. Lakini mwili ulioacha kuzoea hauwezi tena kustahimili kipimo cha zamani. Kijana akianguka siku moja tu, akajidunga kama alivyokuwa akijidunga zamani, pumzi hukatika. Huko London, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003, wagonjwa zaidi ya 100 walilazwa ili mwili uondolewe unga kabisa. Waliokufa kwa kuzidisha katika miezi ya kwanza walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa miongoni mwa wale waliomaliza vizuri, ambao bila shaka jamaa zao waliwapongeza. Na mwaka 2017 zilikusanywa hesabu za nchi mbalimbali. Katika kila watu 1,000, kwa mwaka, walikufa kama 11 wakiwa katika tiba ya methadoni, na kama 36 walipokuwa wameiacha. Majuma manne ya kwanza baada ya kuacha yalikuwa mabaya kuliko yote.

Basi jibu letu ni hili: anayekunywa methadoni kwa utaratibu wa mganga ameacha unga. Ana maradhi ya kudumu na anayatibu, kama mzee wetu anayejidunga insulini kila siku kwa sababu ya kisukari, ambaye hatujapata kumwuliza ataacha lini. Wako wanaopunguza polepole mpaka wakamaliza, lakini hilo ni shauri la mgonjwa na mganga wake, nalo huchukua miezi mingi, pengine miaka.

Hatusemi kwamba dawa hufanya yote. Haimpi mtu kazi, wala hairudishi sufuria iliyouzwa. Nauli ya kila siku ni mzigo, na wako wanaoshindwa kwa sababu hiyo tu. Hapa msharika mwenye nafasi aweza kufaa kuliko kwa mahubiri marefu.

Jambo moja la haraka, ambalo kila nyumba yafaa ilijue. Ukimkuta mtu amelala haamki, anakoroma kwa namna ngeni au pumzi ni chache, na midomo imegeuka rangi, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlaze kwa ubavu, piga kelele upate msaada, apelekwe hospitali mara moja, na waambie waganga bila aibu alichotumia. Iko sindano iitwayo naloksoni ambayo hurudisha pumzi, lakini ikichelewa haifai.

Kwa vikundi vitakavyosoma somo hili pamoja: katika mtaa wenu, anayepanga foleni kliniki asubuhi ya Jumapili hufika ibadani saa ngapi, na watu humtazamaje anapoingia? Na kama yuko aliyeondolewa katika kwaya au katika kazi yoyote ya kanisa kwa sababu ya dawa hii, ni nani atakayekwenda kumwita, na lini?