Mfarishi wa Ukoo

Mfarishi ni nguo ya kujifunika, yenye tabaka mbili zilizoshonwa pamoja na pamba katikati. Mara nyingi upande wa juu huungwa kwa viraka.

Zamani za utumwa huko Marekani, mtumwa aliyeitwa Susie Shannon aliwashonea mabwana zake mifarishi. Kazi ilikuwa yake, mfarishi haukuwa wake. Lakini ujuzi wa mikono yake hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Ulimfikia binti yake Betsy, naye Betsy akamfundisha mjukuu wake, Willi Posey. Willi alimwona bibi yake akichemsha magunia ya unga hata yakawa meupe, apate kuyatia bitana.

Binti wa Willi, Faith Ringgold, alizaliwa New York mwaka 1930, akawa mchoraji. Mwaka 1980 mama na binti walitengeneza mfarishi pamoja, wenye nyuso 30 za watu wa mtaa wao wa Harlem. Mwaka uliofuata mama alifariki. Faith hakuiacha kazi ile. Alichora picha juu ya kitambaa, akaizungushia viraka, akaandika na hadithi papo hapo. Katika mfarishi wake wa mwaka 1988, mtoto Cassie aruka usiku juu ya daraja ambalo baba yake alisaidia kulijenga.

Faith alifariki mwaka 2024. Hivyo kazi ya utumwa iligeuka kuwa urithi. Nanyi, muulizeni bibi habari za mkeka wake angali hai.

MASWALI
1. Susie hakunyang'anywa nini?
2. Betsy aliyafanyia nini magunia?
3. Nyumbani kwenu kuna kazi gani ya mikono, na nani aliifundisha?