Umiliki wa Silaha: Mafunzo Kwanza, Leseni Baadaye

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka utaratibu ambao mwombaji hawezi kuupindua. Kabla ya kupewa leseni ya bunduki au bastola, sharti apate cheti cha umahiri, yaani uthibitisho kwamba anaifahamu sheria na anaweza kutumia silaha kwa usalama.

Mkazi wa Kata ya Singe huanzia Serikali ya Mtaa, ambako mwenendo wake unajulikana. Maombi hupitia kamati za usalama kabla ya kuamuliwa na Polisi. Ratiba ya mafunzo nayo iulizwe Polisi kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Kujifunzia silaha ya jirani nyumbani si mafunzo. Huwatia hatiani mwenye silaha na anayejifunza.

Vivyo hivyo, mmiliki akifariki, silaha hairithiwi kama ng'ombe au shamba, kwa kuwa leseni ilikuwa ya marehemu peke yake. Familia itoe taarifa Polisi mapema ili silaha ihifadhiwe. Mrithi anayeitaka huanza hatua zote upya, mafunzo yakiwemo.