Somo: Kutengeneza Picha kwa Skana

Skana yetu hapa Majengo ni mali ya kikundi cha akina mama. Huwaletea pesa kidogo, kwa hivyo walisita kuwaachia vijana. Tulipatana hivi: kwanza tandikeni juu ya kioo nailoni safi inayopitisha mwanga, maana mchanga hukikwaruza. Pangeni majani ya kahawa, maharagwe, hata mkono. Acheni kifuniko wazi, zimeni taa. Nyuma patatoka peusi ti.

Skana husoma mstari baada ya mstari, si yote mara moja kama kamera. Basi mwanga ukitembea, sogezeni jani polepole kuufuata: litarefuka. Mkilisogeza kinyume, litafupika. (Huko Chicago, Sonia Sheridan alianza mwaka 1970 kufundisha sanaa ya namna hii kwa mashine za kutoa kopi.)

Kijana mmoja aliyesema hajui kuchora alirudia mara sita. Akina mama nao wakaomba zamu.