Tahadhari ya Mvua ya Mawe: Inachosema na Isichosema

Mkulima wa Jorodom, chini ya Mlima Hanang, ana haki ya kutuuliza: ikiwa utabiri ulitaja mvua kubwa na radi kwa Mkoa mzima wa Manyara, mbona maharage yake yamepondwa na mawe ilhali ya jirani, ng'ambo ya korongo, yamebaki kijani?

Jibu limo katika udogo wa wingu lenyewe. Wingu la radi huwa na upana wa kilomita chache, huweza kukua kwa muda usiofika saa moja, na ukanda linakomwaga mawe waweza kuwa mwembamba kuliko kijiji. Utabiri wa siku hupima unyevu na joto la anga juu ya eneo kubwa. Husema kwamba leo mawingu ya namna hiyo yanaweza kujengeka, lakini hausemi yatasimama juu ya shamba la nani.

Nyanda za Mbulu na Hanang zina sababu ya ziada ya kuwa macho. Katika tropiki, joto la anga hushuka hadi nyuzi sifuri kwenye kimo cha takriban mita 4,500 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Jiwe la barafu linaloelekea Tanga lina safari ndefu ya kuyeyuka. Linaloelekea Mbulu, ambako ardhi imeinuka zaidi ya mita 1,500, hufika lingali gumu. Kericho, penye mashamba ya chai nchini Kenya, palihesabiwa siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja.

Katika tahadhari zake, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kando yake huandikwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Hayo ni mambo mawili, na wengi huyachanganya: uwezekano ukiwa mdogo, athari bado yaweza kuwa kubwa. Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo huko Mwakata, wilayani Kahama, iliua zaidi ya watu 40.

Siku ya angalizo, tunashauri utazame anga mwenyewe kuanzia adhuhuri: wingu linalopanda kama mnara, kitako cheusi, upepo wa baridi wa ghafla. Ukisikia ngurumo, ingia katika nyumba imara. Mti si kimbilio. Mvua ikizidi, ondoka kandokando ya makorongo. Baada ya tarehe 3 Desemba 2023, hilo halihitaji maelezo Hanang.

Shamba, kwa bahati mbaya, halihamishiki. Kabla ya kusaini mkataba wa bima ya mazao, tafuta maneno "mvua ya mawe" katika orodha ya majanga yanayolipwa. Bima inayolipa kwa kipimo cha mvua cha setilaiti hulenga zaidi ukame. Mawe ya dakika kumi yaweza yasionekane humo kabisa. Yakianguka, subiri yatulie, yapige picha kando ya sarafu kabla hayajayeyuka, toa taarifa ndani ya muda uliowekwa na mkataba, wala usilime upya kabla mkaguzi wa hasara hajafika.